Sura ya Tano: Bei ya Kuachanisha Sumaku

Mtoto wa miaka kama kumi alikuwa ameng'ang'ania visahani viwili vya sumaku mbele ya banda la fundi redio, Nduguti, hatua chache kutoka stendi. Visahani vyenyewe vilitoka kwenye spika za sabufa iliyoungua: vyeusi, vizito, kila kimoja kina tundu katikati. Alivuta mkono mmoja huku na mwingine kule, akaegemeza viwiko magotini, akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Havikuachana hata kwa upana wa unywele.

"Usivute, mjukuu wangu," fundi alimwambia bila kuinua macho kwenye waya aliokuwa akiulehemu. "Sumaku haivutwi. Inasogezwa."

"Nimevuta sana, babu."

"Ndiyo maana imekushinda. Lete hapa."

Akavilaza kwa ubavu, kimoja juu ya meza, cha pili nje ya ukingo, maungio yao yakiwa sawasawa na ubao. Akakandamiza kile cha nje kwenda chini kwa kiganja. Vikasagana kidogo, vikaachana. Kazi iliyomshinda mtoto kwa dakika tano nzima iliisha kwa pumzi moja ya mzee.

Nilikuwa pale benchini nikisubiri redio yangu, na swali likaniingia ambalo sikuweza kuondoka nalo bila kulijibu. Fundi alitumia nishati ndogo kuliko ile ambayo mtoto angeitumia kama angefaulu kuvivuta vikaachana? Niliwauliza waliokuwepo: fundi mwenyewe, dereva wa bodaboda aliyekuja kuchaji simu, na mama aliyekuwa anauza karanga. Wote watatu walijibu ndiyo, tena kwa mshangao kwamba jambo lililo wazi namna hiyo linaulizwa. Hata mimi, kabla ya kukaa na kalamu, ningejibu hivyo hivyo. Jibu hilo si sahihi. Anayesogeza hulipa nishati ile ile anayolipa anayevuta, na mara nyingi hulipa zaidi.

Ugumu wa kulikubali jambo hili unaanzia kwenye lugha yetu ya kila siku. Neno "nguvu" tumelibebesha mizigo mingi. Mtu ana nguvu, dawa ina nguvu, betri imeisha nguvu, injini haina nguvu. Mwalimu wa sayansi akija na kusema nguvu ni kitu kimoja na nishati ni kitu kingine, mwanafunzi anaandika kwenye daftari, anajibu mtihani, kisha anarudi nyumbani ambako vyote viwili vinaitwa nguvu. Nguvu, kwa maana ya fizikia, ni msukumo au mvuto wa wakati huu, na hupimwa kwa nyutoni. Kubeba ndoo yenye lita 10 za maji kunakudai nguvu ya karibu nyutoni 100. Kazi ni nguvu hiyo ikizidishwa kwa umbali ambao kitu kimesogea kuelekea inakovutia. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi hiyo, na vyote viwili hupimwa kwa jouli.

Kwa kipimo hiki yule mtoto, pamoja na jasho lake lote, hakuzifanyia sumaku kazi yoyote. Nguvu ilikuwa kubwa, umbali ulikuwa sifuri, na chochote ukizidisha kwa sifuri ni sifuri. Uchovu wake ulikuwa wa kweli, lakini ulibaki mwilini mwake: misuli inayokazwa huchoma chakula na kutoa joto hata kama kitu kilichoshikwa hakijasogea.

Kitu cha kukifananisha na sumaku kipo jirani. Ukitoka Nduguti ukafika Iguguno, ukashika barabara kuu kwenda Nzega, utakutana na mlima Sekenke kabla ya kufika Shelui. Madereva wa malori wa nchi hii wanaujua kwa jina, na wengi wanaujua kwa kuuogopa. Barabara inajikunja kona baada ya kona ili gari lisilazimike kupanda wima. Mtu wa miguu asiyeogopa mawe anaweza kukata moja kwa moja na kufika kileleni kwa hatua chache zaidi, kila hatua ikiwa nzito. Lori linapanda polepole kwa gia ndogo, likitembea umbali mrefu. Ukichukua mzigo wa kilo 50, ukaupandisha kwa njia ya mkato au kwa njia ya kona, kimo ulichoupandisha ni kile kile, na nishati iliyoingia kwenye mzigo dhidi ya uzito wake ni ile ile. Kona zinapunguza nguvu ya kila hatua na kuongeza idadi ya hatua. Ziada inayochomwa na lori kwa sababu ya urefu wa njia inakwenda kwenye msuguano wa matairi na joto la injini.

Sumaku mbili zinazovutana ni mlima wa namna hiyo, isipokuwa kimo chake hakionekani kwa macho. Zikiwa zimenata, ziko bondeni. Zikiwa mbali kabisa kiasi cha kutohisiana, ziko juu uwandani. Kuvuta moja kwa moja ni kupanda ukuta. Kusogeza kando ni kupanda kwa kona.

Tuweke tarakimu, kwa sababu bila tarakimu habari hii inabaki kuwa mfano tu. Tuseme una sumaku mbili ndogo zenye nguvu, zimenata, na kutoka kitovu cha moja hadi kitovu cha nyingine ni sentimita 1.8. Tuseme kuzivuta wima kunahitaji nyutoni 100 mwanzoni, sawa na ile ndoo ya lita 10. Hesabu ya sumaku ndogo inasema mvuto huo hushuka kwa kasi kubwa: ukiongeza umbali wa vitovu mara mbili, mvuto unabaki sehemu moja ya 16. Ukijumlisha kazi yote kuanzia zinaponata hadi zinaposahauliana, unapata jouli 0.6. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa kuwa inazichukulia sumaku kama nukta, lakini sura ya mambo inaionyesha vizuri.

Jouli 0.6 ni kama kuinua lita moja ya maji sentimita 6. Mtoto anafanya hivyo anapoinua kikombe kinywani. Kilichomshinda mtoto wa Nduguti kilikuwa mlima mfupi sana ambao mwanzo wake ni ukuta. Angeweza kuulipia mara elfu kwa ugali wa mtama alioula mchana, lakini ukuta haupokei malipo kidogo kidogo. Unadai yote mlangoni.

Sasa tusogeze kando. Zikiwa zimepangana sawasawa, kitovu juu ya kitovu, nguvu ya sumaku inayozuia kusogea kando ni sifuri kamili. Hakuna sababu ya sumaku kupendelea kulia kuliko kushoto, hivyo haipendelei popote. Msukumo wa kwanza unapambana na msuguano tu. Kadiri zinavyopishana, mvuto wa kurudi nyumbani unaongezeka, unafika kilele, kisha unapungua. Kwa sumaku zetu kilele hicho ni takriban nyutoni 46, chini ya nusu ya zile 100. Ongeza msuguano wa wakati huo, ambao kwa nyuso laini unaweza kuwa kama nyutoni 9, unapata 55. Fundi ameshika ndoo ya lita tano na nusu badala ya lita 10. Ndiyo maana kiganja chake kilitosha, hasa akiwa na ukingo wa meza wa kumshikia kisahani cha pili.

Lakini ameishika ndoo hiyo kwa safari ndefu zaidi, na kwenye safari hiyo kuna jambo ambalo sikuliona mpaka nilipochora mchoro wenyewe. Sumaku mbili zilizopandana, ncha ya kaskazini ya moja ikigusa ncha ya kusini ya nyingine, huvutana. Zichukue hizo hizo bila kuzigeuza, zilaze ubavu kwa ubavu. Sasa kaskazini iko jirani na kaskazini, kusini jirani na kusini, na kama kila mtoto wa shule ya msingi anavyojua, ncha zinazofanana hufukuzana. Kwa hiyo anayesogeza kando hapandi tu kutoka bondeni hadi uwandani. Anapita usawa wa uwanda, anapanda kigongo kidogo juu yake, kisha anateremka upande wa pili huku sumaku yenyewe ikimsukuma. Mstari unaounganisha vitovu ukishainama takriban nyuzi 55 kutoka wima, deni lote la kuachanisha limekwisha kulipwa. Yanayofuata ni ziada, na ziada hiyo inarudishwa.

Kwa sumaku zetu ndogo kigongo hicho hakifiki hata sehemu 2 kwa 100 za kimo chote. Kwa visahani vipana na vyembamba, kama vya spika, kinahisika waziwazi mkononi. Jaribu na usikilize vidole vyako: kwanza sumaku inakataa kuondoka, halafu ghafla inakimbia. Ukiilegeza wakati huo itapinduka hewani na kurudi kunata kwa ubavu, ikiwa imejigeuza. Hapo ile ziada haikurudi kwako. Imekwenda kwenye mlio, kwenye mtikisiko, na pengine kwenye ngozi ya kidole chako.

Mwisho wa hesabu, basi: anayevuta wima analipa jouli 0.6. Anayesogeza analipa 0.6 zile zile kwa ajili ya sumaku, anakopesha kidogo kwenye kigongo, na juu ya hayo anaulipa msuguano, ambao kwa tarakimu zetu unameza kama jouli 0.15 na kuzigeuza joto. Njia iliyo nyepesi kwa mkono ndiyo iliyo ghali kwa daftari.

Njia ya tatu ni kubandua. Unaingiza ukucha au kabari ya mti kwenye ukingo mmoja na kuinua, ukingo wa pili ukibaki umegusa. Hapa mkono una wenzo: ncha unayoinua inakwenda mbali kuliko eneo lililo karibu na egemeo, na nguvu unayotumia inapungua kwa kiasi hicho hicho. Sumaku pana hubanduliwa kwa urahisi wa ajabu kwa njia hii. Bei haikubadilika. Nasema kabari ya mti kwa makusudi, kwa sababu bisibisi ya chuma itanaswa na kuwa sehemu ya tatizo, na nyundo ni mbaya zaidi: sumaku nyeusi za spika zimetengenezwa kama vyungu, kwa kuokwa, na zinapasuka kama vyungu.

Upo pia mwelekeo ambao hauna bei. Shika kisahani cha juu ukizungushe juu ya kile cha chini, kitovu kikibaki juu ya kitovu. Kinazunguka kama jiwe la kusagia, na unachokihisi ni msuguano tu. Unauzunguka mlima kwa kimo kile kile. Ukisogeza sumaku juu ya bati pana la chuma ni vivyo hivyo. Watu husema sumaku "inateleza kirahisi" kwenye bati na kudhani wameanza kuitoa. Hawajaanza. Katikati ya bati kila mahali ni bonde lile lile, na mlima wenyewe unakusubiri ukingoni.

Nishati uliyolipa imekwenda wapi? Sumaku haikupata moto, haikuongezeka uzito wa kuhisika, haikubadilika rangi. Imekwenda hewani, na sisemi kwa fumbo. Kila sumaku inajaza nafasi inayoizunguka kwa uga, na uga unabeba nishati. Sumaku mbili zikinata, sehemu kubwa ya uga wao hupita ndani yao na kujifunga. Ukiziachanisha, uga unamwagika na kujaza nafasi kati yao na pembeni mwao. Penye uga wa tesla 1, kila sentimita moja ya ujazo ya hewa imebeba karibu jouli 0.4, na tarakimu hiyo hiyo inarudi kama mvuto: nyuso mbili zenye uga wa tesla 1 kati yao huvutana kwa karibu nyutoni 40 kwa kila sentimita ya mraba, uzito wa kilo 4 hivi. Kwa sumaku nyeusi ya spika, ambayo uga wake hata ndani ya maungio hauzidi sana tesla 0.4, mvuto unashuka hadi nyutoni 6 na kitu. Fundi alipokandamiza kisahani chake, nishati ya chakula chake ilihamia kwenye hewa ya banda, ikakaa pale ikisubiri sumaku zirudiane.

Zikirudiana, inalipwa yote kwa mkupuo. Sumaku ya gramu 50 ikiruka kwa jouli 0.6 kuelekea nyingine iliyofungwa mahali pake inafika na mwendo wa karibu mita 5 kwa sekunde. Ndiyo sababu sumaku huvunjika zikigongana, na vidole hubanwa.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wana ujuzi wa kuachanisha unaozidi wa fundi wangu. Dhahabu ya Sekenke ina historia ndefu: Wajerumani waliichimba kabla ya Vita vya Kwanza, na mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa, waliitumia kufua sarafu za rupia 15 mjini Tabora. Mahali popote dhahabu inapooshwa kwa karai, mwishoni hubaki mchanga mweusi mzito, na sehemu kubwa ya mchanga huo ni madini ya chuma yanayoshikwa na sumaku. Ukitumbukiza sumaku tupu, itaota manyoya meusi ambayo hutayamaliza kuyafuta hata ukishinda siku nzima. Yanateleza juu ya uso wa sumaku kutoka huku kwenda kule, kama tulivyoona kwenye bati, bila kutoka. Mwenye uzoefu huifunga sumaku ndani ya kipande cha nailoni kwanza. Mchanga unanata nje ya nailoni. Kisha anashika nailoni na kuitoa sumaku ndani yake, akiivuta juu. Mchanga unadondoka wenyewe mahali anapotaka. Hakupunguza bei hata kidogo. Aliigeuza kuwa mvuto mmoja mrefu unaofanywa na mkono mzima, badala ya mikwaruzo elfu ya ukucha.

Sasa kuna kijana mmoja wa Nduguti, ambaye sitamtaja, aliyenionyesha gurudumu la baiskeli alilolizungushia sumaku za spika kwa pembe. Alikuwa amefikiri kwa kina, na nataka fikra yake iheshimiwe. Hoja yake ilikuwa hii: sumaku ikikaribia kwa njia iliyonyooka inavuta kwa nguvu kubwa, ikiondolewa kwa kando inazuia kwa nguvu ndogo, basi tuiache iingie kwa nguvu kubwa na itoke kwa nguvu ndogo, na tofauti iwashe taa. Ni hoja ya yule dereva wa bodaboda na yule mama wa karanga, imepewa magurudumu. Mfaransa Petrus Peregrinus, aliyeandika barua maarufu kuhusu sumaku mwezi Agosti 1269 na ambaye ndiye aliyezipa ncha za sumaku maelezo ya kwanza yaliyo wazi, alichora gurudumu la namna hiyo ndani ya barua hiyo hiyo. Kwa hiyo kijana wetu hakukosea peke yake. Alikosea pamoja na mmoja wa watu makini zaidi wa karne ya 13.

Kosa liko kwenye kulinganisha nguvu badala ya kulinganisha nishati. Njia ya kuingia ni fupi na kali, njia ya kutoka ni ndefu na laini, na mlima ni mmoja. Fikiri ingekuwaje kama bei zingetofautiana. Ungepanda kwa njia ya bei nafuu, ukashuka kwa njia inayorudisha zaidi, ukabaki na faida, ukarudia. Mashine ya kusaga ya kijijini ingezunguka bila dizeli, bila umeme, bila mwisho. Watu wamejaribu kwa zaidi ya miaka 700, na hakuna gurudumu hata moja lililowahi kulipa. Mnapoona kwenye simu video ya jenereta ya sumaku isiyohitaji kitu, tafuteni betri iliyofichwa, na msitume pesa.

Pikipiki iliyoegeshwa mbele ya banda inafundisha somo hilo kwa uaminifu. Ndani ya injini yake kuna magneto, kikombe cha chuma chenye sumaku kinachozunguka nje ya koili zilizofungwa kwenye vyuma vya katikati. Fundi akiizungusha polepole kwa mkono, plagi ikiwa imetolewa, anahisi mikwamo midogo: sumaku inavutwa kuelekea chuma, inapita, inavutwa nyuma. Kila mkwamo ni bonde na kilima. Kwenye mzunguko mzima, kinacholipwa kupanda kinarudi wakati wa kushuka, na jumla ni sifuri. Taa inawaka kwa sababu petroli inalipa ziada. Mwenye baiskeli ya dainamo analijua hili kwa miguu yake: ukiwasha taa, baiskeli inakuwa nzito.

Sumaku zenyewe zimebadilika sana tangu enzi za redio za mbao. Zile nyeupe zinazong'aa, zilizo ndani ya simu, kwenye diski za kompyuta na kwenye pikipiki za umeme, hutengenezwa kwa neodimiamu, chuma na boroni, na ziliingia sokoni katikati ya miaka ya 1980 baada ya Masato Sagawa nchini Japani na watafiti wa General Motors nchini Marekani kuzigundua karibu wakati mmoja. Uga wake wa ndani unazidi tesla 1, mara tatu hivi ya ule wa sumaku nyeusi, na kwa kuwa mvuto unakua kwa mraba wa uga, mvuto wake unakuwa karibu mara kumi. Neodimiamu iko kwetu pia, kwenye kilima cha Ngualla mkoani Songwe, na mwezi Aprili 2023 serikali ilitia saini mkataba wa mradi wa kuichimba. Natamani watoto wanaosoma sumaku leo katika shule za Mkalama, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012 na kuifanya Nduguti makao makuu, waje kuwa watu wanaojua madini hayo yanatumika kwa nini, si wa kuyapakia kwenye magari peke yake.

Lakini sumaku hizi mpya zimeleta hatari ambayo zile za sabufa hazikuwa nayo, na hapa tofauti kati ya nguvu na nishati inaacha kuwa swali la benchini. Ni ndogo kama punje ya mahindi, zinang'aa, zinatoka kwenye simu mbovu na vichezeo, na mtoto mdogo huziweka mdomoni. Akimeza moja peke yake, mara nyingi hupita. Akimeza mbili kwa nyakati tofauti, au moja na kipande cha chuma, zinatafutana tumboni. Moja inakuwa kwenye kunjo hili la utumbo, nyingine kwenye kunjo la jirani, na kuta mbili za utumbo zinabanwa katikati.

Hazisogei. Umbali ni sifuri, kazi ni sifuri, nishati inayotumika ni sifuri, kama zilivyokuwa sumaku za yule mtoto mbele ya banda. Nguvu tu ndiyo ipo, usiku na mchana. Uga wa tesla 0.1 unatosha kubana kwa shinikizo la milimita 30 za zebaki, ambalo linakaribia lile linalosukuma damu kwenye mishipa midogo kabisa ya mwili. Sumaku za neodimiamu hupita kiwango hicho kwa mbali. Damu inakatika, nyama inakufa, utumbo unatoboka. Na huko ndani hakuna ukingo wa meza wa kuzisogezea wala mahali pa kupitisha kabari.

Mzazi, mlezi, mwalimu: mtoto akimeza sumaku, au ukihisi tu kwamba amemeza, usingoje aumwe tumbo na usingoje apate choo. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, waambie kwa kinywa chako kwamba ni sumaku, waambie huenda ni zaidi ya moja, na uombe apigwe picha ya eksirei.